Jibu kwa msomaji: Mama ananukia vizuri, mbona ana baka mgongoni?

Swali: "Mama yangu ana umri wa miaka 74 na anaishi Kuze, Mji wa Kale. Mwezi Machi alipigwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayamtoki vyema. Mimi nafanya kazi Changamwe, napita kumwona jioni. Kaka yangu hulala nyumbani lakini hutoka alfajiri. Tulimwajiri msichana kupitia kwa wakala, anakaa na mama usiku na mchana. Ni mpole, na kila nikifika namkuta mama ameogeshwa, amevalishwa dera safi, ananukia asumini. Wiki iliyopita nilipomgeuza niliona baka jeusi chini ya kiuno, ukubwa wa sarafu ya shilingi ishirini. Wakala asema ni joto tu. Kaka ataka tumfukuze msichana na atakayekuja tumwekee kamera. Nitajuaje kama mama anahudumiwa vizuri na kwa usalama?"

Dada yangu,

Nianze na baka, kwa sababu ndilo lisilongoja. Joto la Mombasa huleta harara, vipele na fangasi, na mara nyingi haya hukaa kwenye mikunjo: chini ya matiti, kwapani, kinenani. Baka moja lililokaa juu ya mfupa, kwa mtu asiyeweza kujigeuza mwenyewe, lihesabiwe kuwa mwanzo wa kidonda cha kitandani hadi muuguzi au daktari alitazame na kusema vingine. Uzito wa mwili huibana nyama iliyo kati ya mfupa na godoro, mishipa midogo ya damu ikafungika, na nyama isiyofikiwa na damu kwa saa kadhaa huanza kufa. Wakati mwingine huanza kufia ndani, karibu na mfupa, huku ngozi ya juu ingali nzima, ndiyo maana baka dogo laweza kuwa limefunika shimo kubwa.

Lichunguze leo jioni. Mlaze mama ubavu, washa tochi ya simu, kwa kuwa vyumba vingi vya Mji wa Kale havina mwanga wa kutosha hata adhuhuri, kisha libonyeze baka kwa kidole kimoja, uhesabu hadi tano, uachilie. Vitabu vingi hufundisha kutafuta wekundu, jambo linalowafaa wenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi yetu wekundu huenda usionekane kabisa, na badala yake pale mahali huwa peusi zaidi, au pa rangi ya zambarau, kuliko kandokando yake. Kwa hiyo mkono ufanye kazi ya jicho. Kwa mgongo wa vidole vyako linganisha mahali hapo na ngozi ya jirani: pana joto zaidi au baridi zaidi? Pamekuwa pagumu, au pamelegea teketeke kama embe lililopondeka? Mama hukunja uso unapogusa? Rangi isiyobadilika baada ya kubonyezwa, pamoja na tofauti yoyote kati ya hizo, ni dalili ya kwamba nyama ya chini imeshaumia. Usiishie hapo, tazama pia visigino, nyonga, vifundo vya miguu, mabega, kisogo na nyuma ya masikio.

Mkishalijua, msilisugue wala kulikanda, hata kwa mafuta ya nazi na hata kwa nia njema, kwa kuwa kukanda nyama iliyobanwa huzidi kuichana. Msilipake spiriti, wala msilinyunyizie unga wa vidonge vya antibiotiki, mazoea ambayo bado nayakuta katika nyumba za watu wazima na akili zao. Msimkalishe juu ya ringi ya mpira yenye tundu katikati, kwa sababu ukingo wa ringi huibana damu kuzunguka mahali palepale mnapotaka pafikiwe na damu. Dawa ya baka hilo ni kuondoa uzito juu yake: asilale chali kabisa kwa sasa, wala asikalishwe ila kwa muda wa chakula. Mwegemezeni ubavu kwa mwinamo mdogo tu, mto ukiwa nyuma ya mgongo, ili uzito usihamie juu ya mfupa wa nyonga na kufungua duka la pili huko. Mto mwingine uwekwe chini ya misuli ya miguu, visigino vining'inie bila kugusa godoro. Ngozi ikipasuka, ikitoa usaha au harufu, ikiwa nyeusi kabisa, au mama akipata homa au kuchanganyikiwa ghafla, hapo ni hospitali siku hiyo hiyo, wala si kungoja kesho.

Sasa niseme juu ya asumini. Miaka mingi iliyopita, nilipoanza kuwatembelea wagonjwa majumbani, niliingia nyumba moja upande wa Majengo nikamkuta bibi amekaa kitandani, shuka nyeupe, poda shingoni, kikuba cha asumini kifuani. Nilimsifu mhudumu, nikapima presha, nikaandika kwamba hali ni nzuri, nikaondoka bila kumgeuza. Siku nne baadaye niliitwa kwa homa, na nilipomgeuza nikaona kidonda ambacho ngumi yangu ingeingia. Hakikufanyika kwa siku nne. Kilikuwapo siku ile nilipokuwa nikisifu. Tangu hapo siandiki neno "nzuri" kabla sijaona mgongo na visigino, na nakushauri usiihukumu huduma ya mama yako kwa yale unayoonyeshwa unapofika. Wewe hufika jioni, na mtu yeyote mwenye akili atamtayarisha mgonjwa kwa jioni. Huduma huonekana katika zile saa ambazo hakuna mgeni.

Hilo linatuleta kwa msichana, na hapa nitakuwa mkali kidogo, unisamehe. Mtu asiyeweza kujigeuza huanza kwa kugeuzwa kila baada ya saa mbili, yaani mara kumi na mbili kwa siku moja, usiku ukiwemo. Mmemwajiri mtu mmoja kwa usiku na mchana. Atalala saa ngapi? Akilala saa sita tu mfululizo, kama ilivyo haki ya kila kiumbe, mama amekosa kugeuzwa mara mbili au tatu, na baka limepata nafasi yake. Kwa maelezo uliyonipa, sioni kwamba kidonda hiki kilianzia mikononi mwa msichana peke yake. Kilianzia katika mpango wenu, na mkimfukuza mkamleta mwingine kwa mpango uleule, mtamkuta mama na baka lilelile, pengine na la pili.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kwa mwaka, na mkataba wa maandishi ikiwa kazi ni ya miezi mitatu au zaidi. Makubaliano ya mdomo kwa wakala, "atakaa ndani, atafanya yote", hayatoshi. Na Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 57, yasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa na kupata utunzaji wa kadiri kutoka kwa familia zao na Serikali. Familia imetajwa hapo, na kaka yako, anayelala nyumba hiyo hiyo, ni familia. Basi yeye amgeuze mama saa tano usiku kabla ya kulala na tena anapoamka kwa alfajiri, na msichana aamke mara mbili tu katikati. Godoro zuri la hewa likipatikana, na ngozi ikibaki salama, muuguzi aweza kuwaruhusu kurefusha vipindi vya usiku hadi muda wa saa tatu au nne. Lakini godoro hilo hutegemea umeme, na umeme ukikatika hupungua upepo, kwa hiyo hakuna godoro linalomgeuza mtu kwa niaba yenu. Nyumba nyingi za kwetu hutumia adhana kama saa, na ni mazoea mazuri ya kukumbuka, ila kati ya alfajiri na adhuhuri pana zaidi ya saa saba, nafasi inayotosha kabisa kuharibu kisigino.

Andikeni. Nunua daftari la mistari la shule na ulifunge kwa uzi kwenye mguu wa kitanda pamoja na kalamu. Kila anayemgeuza aandike saa, upande aliomlaza, na jina lake. Kila nepi inayobadilishwa iandikwe, kila dawa, kila mlo na kiasi alichokula, na hali ya ngozi asubuhi na jioni. Jichunge na daftari ambalo limejaa vizuri mno: saa mbili kamili, saa nne kamili, saa sita kamili, kwa wino mmoja na mwandiko wa mkao mmoja, hilo limeandikwa mara moja jioni. Daftari la kweli lina saa nne na dakika kumi na saba, lina doa la chai, na pengine lina neno "alikataa".

Baada ya hapo, hudhuria kazi yenyewe. Chukua ruhusa siku moja, fika asubuhi bila kutangaza, usikemee, tazama tu mama anavyoogeshwa. Maji yajaribiwe kwa kiwiko kabla hayajamgusa, na baridi itangulie kumiminwa kwenye beseni ndipo ya moto, kwa sababu upande wake wa kulia huenda hauhisi moto, na mtu aliyelegea ubavu huungua bila kupiga kelele. Aoshwe uso kwanza na sehemu za siri mwisho, kwa kitambaa kingine na maji mapya, kutoka mbele kuelekea nyuma, ili uchafu usifike kwenye njia ya mkojo. Kwa kuwa bomba za mjini hukauka na mitungi hununuliwa, naelewa kishawishi cha kutumia beseni moja kwa mwili mzima. Pimeni maji mapema, lita chache zitengwe kwa kazi hiyo, wala msimwachie msichana aamue kubana maji kwa gharama ya kibofu cha mama. Ndivyo ilivyo kwa nepi pia. Mhudumu akiambiwa nepi mbili zitoshe kutwa, atamwacha mgonjwa ndani ya mkojo, na ngozi iliyolowa hupasuka haraka kuliko ngozi kavu. Lawama hapo itakuwa ya mwenye pochi.

Tazama pia staha. Afunikwe kwa leso na kufunuliwa sehemu inayooshwa tu, mlango ufungwe, na aambiwe kila hatua kabla haijafanywa, hata kama hajibu. Mikunjo ikaushwe kwa kubonyezwa na taulo pasipo kusuguliwa, mpaka katikati ya vidole vya miguu, kwa sababu unyevu wa pwani haukaushi chochote wenyewe, na poda inayowekwa juu ya ngozi yenye maji hugeuka uji. Anapovalishwa, mkono uliolegea utangulie kuingia kwenye nguo, na anapovuliwa uwe wa mwisho kutoka. Ukimwona msichana anafanya hivyo bila kufikiri, ujue amefunzwa na mtu aliyejua. Ukimwona anamnyanyua mama kwa kumvuta mkono wa kulia au kumkwida kwapani, msimamishe palepale: bega la upande uliopooza halishikwi na misuli, huchomoka, na maumivu yake hukaa miezi. Kumpandisha juu kitandani ni kazi ya watu wawili na leso iliyokunjwa chini ya mgongo na makalio, kila mmoja akashika ncha, wakamwinua kidogo ndipo wamsogeze. Kumburuta kwenye shuka huikwaruza ngozi pale pale penye baka.

Chakula nacho kina hatari yake, na kwa maoni yangu ndiyo inayoua kimya kimya zaidi katika nyumba za wagonjwa wa kiharusi. Koo lililolegea huruhusu chakula kuingia njia ya hewa, kikashuka mapafuni na kuzaa nimonia. Mama akae wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kiwe kidogo, na cha pili kisije kabla cha kwanza hakijamezwa. Akikohoa anapokula, sauti ikawa ya majimaji baada ya kunywa, au ukakuta mbaazi zimejificha kwenye shavu la kulia nusu saa baada ya chakula, mrudisheni hospitali kwa ajili ya kupimwa umezaji, na mkiwa huko ombeni na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana kiharusi cha Machi bado kina nafasi ya kupata nafuu. Wengi hushangaa nikiwaambia kwamba chai na maji matupu ndivyo vinavyomponyoka mtu kooni, kuliko uji mzito, lakini ndivyo ilivyo. Baada ya kula abaki wima nusu saa, kisha ashushwe, maana kukaa muda mrefu na kichwa kimeinuliwa humtelezesha chini na kuibana ngozi ya mgongo. Na kama mama huona haya kula kwa mkono wa kushoto, mwambieni kwa upole kwamba ana udhuru. Nimewaona wazee wakikaa na njaa kwa ajili ya hilo.

Kuhusu dawa, mipaka iwe wazi. Mhudumu humkumbusha na kumsaidia kumeza kile kilichoandikwa, kwa saa iliyoandikwa. Asisage vidonge ili viingie kwenye uji bila kumwuliza mfamasia, kwa kuwa baadhi ya vidonge vya presha vimetengenezwa vitoke polepole kwa kutwa nzima, na ukivisaga dozi yote huingia mara moja. Asipige sindano, asiingize mpira wa mkojo, asikwangue kidonda; hizo ni kazi za muuguzi aliyesajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya, na leseni ya muuguzi yaweza kuthibitishwa kwa Baraza lenyewe. Wakala akikwambia msichana "ni nesi", muulize nambari ya usajili. Akisema ni mhudumu tu, si aibu, ni kazi ya heshima, lakini uliza amefunzwa wapi na kwa muda gani, cheti chake ukione, cheti cha tabia njema kutoka kwa idara ya upelelezi wa jinai ukione pia, na zungumza kwa simu na familia mbili alizozihudumia. Pesa za mama, kadi yake na nambari ya siri ya M-PESA visiwe mikononi mwa mhudumu, jambo linalomlinda mhudumu kama linavyomlinda mama.

Dalili za ukatili hutaka jicho tulivu. Michubuko yenye umbo la vidole mikononi, kuruka au kufumba macho mtu fulani anapokaribia, kupungua uzito huku daftari likisema anakula, na usingizi mzito wa mchana usio na sababu, yote haya ni ya kufuatilia. Usingizi hasa. Wapo wanaompa mgonjwa Piriton, dawa ya mzio inayosinzisha, au dawa nyingine ya kuleta usingizi ili wapate utulivu, na chupa za dawa nyumbani zihesabiwe kila wiki. Kamera ya kaka yako siipingi kwa ukumbini na mlangoni, mradi mhudumu aambiwe kwamba ipo. Chumbani anakoogeshwa na kubadilishwa siikubali: Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na mama yako hakuacha kuwa mtu alipopooza. Isitoshe, kamera ingekuonyesha shuka na asumini, zilezile unazoziona sasa.

Aliyelala kwenye kitanda hicho anaweza kukwambia zaidi, na katika barua yako sikuona mahali mlipomwuliza. Kukosa maneno si kukosa fahamu. Keti upande wake wa kushoto, shika mkono wa kushoto, mwambie abane mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa la. Kwanza muulize mambo matatu ambayo majibu yake unayajua, kama vile iwapo wewe ndiwe kifungua mimba wake au iwapo mko Lamu, kwa sababu baada ya kiharusi wengine huchanganya ndiyo na la bila kukusudia. Akijibu sawasawa, muulize kama anaumwa alipolala, kama huachwa muda mrefu akiwa amelowa, kama kuna anayemkaripia, na kama angependa msichana huyu abaki. Msichana asiwepo chumbani wakati huo, na kaka yako naye asubiri nje.